Für Elise: A inarudi mara ngapi hasa?

Kinanda_Kikuyu: Wakuu, napiga kinanda kwaya ya parokia hapa Dodoma, mwaka wa sita sasa. Nilianza na solfa (do, re, mi) kama wengi wetu, noti nikajisomea. Mwezi huu wanakwaya wakishaondoka nabaki kanisani na Für Elise ya Beethoven, upepo unagonga mabati, mimi nahesabu. Nimeambiwa ni rondo, yaani kipande kikuu (A) kinarudi kila baada ya kipande kingine (B, C): A-B-A-C-A, basi A ije mara tatu. Lakini ile *mi-ri-mi-ri-mi-ti-re-do-la*, nikifuata alama zote za kurudia, naikuta mara nane! Nimefuta na penseli mpaka karatasi imetoboka. Nakosea wapi? Na je, si ni kiitikio na mashairi kama nyimbo zetu?

Mwalimu_Kongwa: Mdogo wangu, hesabu yako ni sahihi, ila umehesabu sentensi ya muziki, ile tuni fupi, si A nzima. A nzima ina sentensi hiyo, kisha kipande kifupi kinachopitia Do = C (do ikiwa noti ya C), kisha sentensi ileile tena. A ya kwanza ina alama za kurudia, kwa hiyo unaisikia mara nne. A ya pili na ya tatu hazirudiwi: mbili na mbili. Jumla nane, na A ni tatu.

Kiitikio umekikaribia. Ila kwetu shairi la kwanza mpaka la nne huimbwa kwa tuni ileile, hubadilika maneno tu. Kwenye rondo kila kipande cha kati kinakuja na tuni yake, na mara nyingi kinahama ufunguo. B hapo imetoka La = A (ufunguo wa minor, nyumbani kwake ni la) ikaenda Do = F. Ipige polepole utasikia kama dirisha limefunguliwa.

Besi_Mpwapwa: Naongezea kuhusu C, maana hapo wengi hutafuta Do mpya wakaikosa. Piga mkono wa kushoto peke yake. Ile noti moja ya A (la, si kipande A) inayogongwa bila kupumzika ndiyo upya wenyewe. Baadaye mkono wa kulia unapanda, kisha unateremka nusu sauti kwa nusu sauti mpaka mlangoni pa A.

Ukimaliza, chukua sehemu ya tatu ya Pathétique, sonata ya Beethoven iliyochapishwa 1799. A iko La = C, B Do = E flati, C Do = A flati, halafu B inarudi ikiwa Do = C. Hiyo ni A-B-A-C-A-B-A.

Kinanda_Kikuyu: Shikamoo Mwalimu, asanteni sana wote. Jana nimepiga besi peke yake na nikaisikia C, kweli. Nimegundua na lingine: mwisho wa B kuna *mi* na *ri* zinazopokezana kabla A haijarudi. Nilikuwa nazikimbia. Sasa nazisubirisha, na A ikiingia mwili unasisimka. Jumamosi nitawapigia wanakwaya. Nimewaomba wanyooshe mkono kila A inapoingia, nione kama itakuwa mara tatu.