Je, mwalimu wa lugha alipwe kwa fungu la afya?

Naanzisha mada nikijua nitapigwa mawe. Mwaka 2007 Hallett, Chandler na Lalonde walichapisha utafiti kuhusu jamii za wenyeji wa asili wa British Columbia, Kanada. Pale ambapo wengi walisema wanaweza kuzungumza lugha yao, vijana waliojiua walikuwa wachache mno, pengine hakuna kabisa. Penye wasemaji chini ya nusu, kiwango cha kujiua kilikuwa zaidi ya mara sita ya hicho. Sasa kwa nini fungu la afya limlipe mshauri nasaha tu, mwalimu wa lugha lisimlipe?

— Taratibu, mkuu. Jogoo huwika kukakucha, lakini siye anayeleta asubuhi. Jamii iliyobaki na lugha huenda ndiyo iliyobaki na ardhi na shule zake. Halafu kijana mwenye sonona saa nane za usiku anamtaka mtu aliyesomea kazi hiyo. Msamiati utamfaa nini?

— La ardhi ni zito, na watafiti hawakulipita. Walizingatia pia madai ya ardhi, kujitawala, shule na huduma za afya, na bado lugha ikawa na uzito wake. Hilo halithibitishi kuwa lugha ndiyo chanzo, nakubali. Tena jamii zenyewe ni ndogo, takwimu huyumba. Ila kumbuka lugha ilivyokatwa. Watoto walipelekwa shule za bweni, wakaadhibiwa kwa kusema lugha ya kwao. Mtoto anarudi nyumbani, bibi anamuuliza amelalaje, hamwelewi. Wanabaki kutazamana. Mshauri wa kwanza wa mtoto huyo alikuwa bibi!

Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, walianzia hapo hapo. Kohanga Reo, yaani kiota cha lugha, ilianza 1982: wazee wanakaa na watoto ambao hawajafika umri wa shule, Kimaori kutwa nzima. Mtoto anapata lugha, na mzee aliyekuwa akishinda peke yake anapata wa kumwita. Mkisema hiyo si afya, basi mnahesabu vidonge tu.

— Naunga mkono viota, ila mmemsahau mtu wa miaka arobaini ambaye lugha ilimpita. Mkitangaza kuwa lugha ni dawa, yeye anasikia kwamba ni mgonjwa, na kosa ni lake. Wapo wanaokwepa mikutano ya jamii kwa aibu ya kujibu salamu vibaya. Fedha zikipatikana, darasa lake la jioni litafunguliwa lini?