Vitz ya 2001 inakula oili na kuchemka Kitonga, fundi anasema ninunue injini nyingine

NyanyaZaIlula:
Wakuu, habari za jioni. Nina Vitz old model ya 2001, cc 997, injini 1SZ-FE. Niliichukua kwa shemeji, kazi yake ni Iringa mjini na Ilula, mara mojamoja nashuka Morogoro.

Shida ni mbili. Kwanza oili: siku ya servisi haijafika, kijiti kinatoka kikavu, na chini ya gari hakuna hata tone. Asubuhi nikiwasha inatoa moshi wa bluu kidogo halafu unakata, na mbele ya injini kuna mlio wa cheni kwa muda mfupi. Pili joto: nikipandisha mlima Kitonga nikiwa na mzigo wa nyanya, taa nyekundu inawaka.

Fundi wa kwanza alitoa themostati akaitupa, akanijazia oili nzito namba 40, eti injini ni mzee. Tangu hapo petroli inakwenda zaidi. Wa pili alisikiliza dakika mbili tu, akasema injini imekufa, nitafute ya mtumba. Nibadilishe kweli?

BodaKihesa:
Uza hiyo mkuu, chukua IST. Asante.

Spana12:
Hizi 1SZ nazifungua tangu zianze kuingia nchini, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Injini iliyokufa haisikilizwi, inapimwa. Kabla hujatoa shilingi kwa ajili ya mtumba, tafuta fundi mwenye geji ya kompresheni, inayopima mgandamizo ndani ya silinda. Injini iwe ya moto, plagi zote nne nje, pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka chini, betri iwe na nguvu. Silinda itakayosoma chini, itie kijiko cha oili upime tena. Namba ikipanda, ringi za pistoni zimechoka au zimeganda. Isipopanda, tazama vali au gasketi ya hedi. Na usishtuke namba zikiwa ndogo kuliko za kitabu: Iringa tuko karibu mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Angalia tofauti kati ya silinda na silinda.

Moshi wako nao unasema kitu. Unatoka ukiwasha asubuhi halafu unakata? Hiyo mara nyingi ni sili za vali, vile vijimpira vinavyozuia oili: zimekuwa ngumu, oili inashuka usiku kidogokidogo mpaka kwenye silinda. Moshi wa ringi ungeuona ukikanyaga mafuta mlimani, wingu linakufuata nyuma. Chomoa pia vali ya PCV, ile ndogo yenye mpira inayovuta hewa ya ndani ya injini, uitikise. Isipolia, imeziba, na ikiziba oili inatafuta njia nyingine. Bei yake haifiki hata ya soda za kijiwe kizima, lakini hakuna anayeigusa.

Sasa namba 40. Hii inaniudhi. Injini hii ina cheni, haina mkanda, na kikaza cheni pamoja na VVT-i, mfumo unaobadili muda wa vali kufunguka, vinaendeshwa kwa presha ya oili. Asubuhi ya Juni hapa Iringa, oili nzito inachelewa kupanda, cheni inapiga kelele ikingoja. Rudisha 5W-30. Na kijiti ukitazame kila ukijaza petroli, maana kinachoua cheni za Vitz ni watu kusubiri taa ya oili. Taa ile inaonyesha presha, haipimi kiasi. Ikiwaka, umeshachelewa.

Themostati hiyo, vali inayoachia maji yapite kwenye rejeta yakipata moto, huanza kufunguka kwenye nyuzi kama 82. Ukiwa katikati ya Kitonga ilikuwa imeshafunguka yote, kwa hiyo kuitoa hakujakusaidia chochote mlimani. Ulichopata ni injini inayokaa baridi ukiwa barabara tambarare, kompyuta inadhani bado asubuhi, inaendelea kumwaga petroli. Ndiyo matumizi yako hayo. Weka mpya.

Joto la mlimani lianzie kwenye kifuniko cha rejeta. Huku juu maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala hayangoji 100. Kinachoyazuia ni presha, na presha inashikwa na kifuniko. Mpira wake ukikatika, maji yanachemka mapema. Badilisha kifuniko chenye namba ileile iliyoandikwa juu yake. Kisha ufungue rejeta uone rangi: kama ni kahawia, umekuwa ukijaza maji ya bomba, na vijia vyake vimejaa kutu. Safisha, weka kulanti.

MwanaGerezani:
Mzee kasema vizuri, ila mimi ningeweka 1NZ tu, cc 1500, Kitonga unaimba.

Spana12:
Ataimba wapi? Waya tofauti, kompyuta tofauti, mikono ya injini tofauti. Na namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, lazima aende TRA akabadilishe. Mwenzio anabeba nyanya.

NyanyaZaIlula:
Shikamoo mzee. Nimempata mwenye geji. Imesoma 165, 160, 160, 155. PCV ilikuwa imeziba kabisa, haikulia hata kidogo. Maji ya rejeta yametoka rangi ya chai ya rangi, na mpira wa kifuniko umepasuka. Themostati mpya imefungwa leo, oili 5W-30. Mlio wa asubuhi umepungua sana, moshi bado upo kidogo.

Spana12:
Marahaba. Namba zimekaribiana, ringi ziko hai. Mwambie huyo wa mtumba akauze kwingine.

Zimebaki sili. Ziko 16, nane za kuingiza na nane za kutoa moshi, usikubali wazichanganye. Hedi haitoki: camshaft mbili zinatolewa, silinda inajazwa upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi ili vali isidondoke, spring inashuka, sili inatoka. Cheni iwekewe alama kabla ya kuguswa. Fundi akikwambia lazima ashushe injini kwa kazi hiyo, mshukuru uondoke.

NyanyaZaIlula:
Sili nazipata Iringa au niagize Dar?

Spana12:
Jaribu mjini kwanza. Ukiagiza kwa wauza vipuri wa Gerezani, Dar, watumie namba ya chesisi, usiseme tu "Vitz", watakuletea za injini nyingine.