Re: Kijana kuitwa timu ya futi ya chuo, Melbourne

Kutoka: Mama Zuhura

Wanajumuiya, salaam. Kijana wangu yuko mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Melbourne, na wenzake wamemwita akafanye mazoezi na timu ya futi ya chuo, ule mpira wa Kiaustralia (footy), si soka. Jirani yangu, mwenyeji wa hapa, akaniambia timu ile ilikufa zamani kwa kufungwa kila wiki. Sasa anaitwa kwenye timu gani? Wanalipwa? Nina hofu na masomo yake, na zaidi na kichwa chake, maana mchezo wenyewe ni wa kugongana. Naomba mwenye kujua anisaidie.

---

Kutoka: Baba Juma, Footscray

Mama Zuhura, salaam. Jirani hakukosea, ila hakumaliza hadithi. Nina miaka mingi naufuatilia mchezo huu, na habari za timu ile nazipenda kuliko za mabingwa wengi.

Iliyokufa ni timu ya University iliyocheza ligi kuu ya jimbo letu la Victoria, VFL, ambayo ndiyo AFL ya leo, ligi kuu ya Australia nzima. Klabu ilianzishwa 1859, rangi zake nyeusi na buluu. Mwaka 1908 ikapokewa ligi kuu pamoja na klabu ya Richmond. Ilikuwa na msimamo wake: mchezaji awe mwanachuo au msomi, na asichukue malipo. Mwanzoni iliwezekana. Mwaka 1910 walishinda mechi 10 wakashika nafasi ya 6 katika ligi ya timu 10, na hao ni vijana waliotoka darasani wakaenda kupambana na wanaume wa klabu za Collingwood na Carlton.

Kwa maoni yangu kilichowamaliza ni uamuzi wa 1911, ligi iliporuhusu rasmi wachezaji walipwe. Wenzao wakapata njia ya kuwavuta na kuwashika wachezaji wazuri. University haikuwa nayo, wala haikuitaka. Mitihani ikikaribia, kijana anachagua kitabu. Akihitimu udaktari, anakwenda anakopangiwa kazi, na nafasi yake anaingia mgeni. Toka 1911 hadi 1914 walishika mkia kila msimu. Wakafungwa mechi 51 mfululizo, misimu ya 1913 na 1914 wakiimaliza bila ushindi hata mmoja. Kwa ujumla walicheza mechi 126 ligi kuu, wakashinda 27, sare 2.

Lakini usidhani walikuwa dhaifu wote. Mtafute Roy Park, mwanafunzi wa udaktari, mfupi wa kimo. Mwaka 1913 alifunga magoli 53 katika timu isiyoshinda mechi hata moja! Baadaye akawa daktari kweli, akaichezea Australia kriketi dhidi ya Uingereza msimu wa 1920/21, ingawa alitolewa kwa mpira wa kwanza kabisa aliorushiwa. Kila wiki unajua utafungwa, na kila wiki unavaa jezi: mimi hao nawaheshimu sana.

Msimu wa 1914 ulipokwisha, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imeanza, University ikajitoa. Baadhi ya wachezaji wakaenda klabu ya Melbourne, Park akiwa mmoja wao. Wengine wakaenda vitani. Rupert Balfe, aliyevaa jezi ile, aliuawa Gallipoli, Uturuki, tarehe 25 Aprili 1915, siku ya kwanza ya kushuka pwani.

Kwa hiyo iliyokufa ni ya ligi kuu. Chuo hakikuacha kucheza. Leo kina University Blacks na University Blues katika VAFA, ligi ya ridhaa iliyoanza 1892, na huko wachezaji hawalipwi. Nadhani kijana ameitwa na mojawapo ya hizo. Mruhusu, mama. Pale masomo kutangulia si jambo la kuombea radhi.

---

Kutoka: Mdogo wenu wa Sunshine

Shikamoo mama, shikamoo mzee. Mimi nacheza ligi ya ridhaa, klabu nyingine. Naongeza ya mfukoni tu.

Halipwi, tena yeye ndiye analipa ada ya msimu. Aulize mapema kama klabu inapunguzia wanafunzi na kama inakubali malipo kidogo kidogo. Mazoezi kwa kawaida ni jioni mbili kwa wiki, mechi Jumamosi. Tarehe za mitihani ampe kocha mapema.

Kinga ya meno asikose. Ya kutengenezewa kwa daktari wa meno ni ghali lakini inakaa vizuri.

Hili muhimu: Medicare, bima ya afya ya serikali, hailipii gari la wagonjwa hapa Victoria. Chukueni uanachama wa familia wa Ambulance Victoria, shirika la magari ya wagonjwa, kabla msimu haujaanza, isipokuwa kama mna Health Care Card, kadi ya serikali ya wenye kipato kidogo, hapo mnabebwa bure. Na akigongwa kichwa akapata mtikisiko wa ubongo, mwongozo wa sasa unataka zipite siku 21 angalau kabla ya kurudi kwenye mechi. Asikubali kuharakishwa, hata akijiona mzima.

---

Kutoka: Mama Zuhura

Marahaba mwanangu, na Baba Juma asante sana. Nimemsomea yote. Ananiuliza viatu vyake vya soka vitafaa?

---

Kutoka: Mdogo wenu wa Sunshine

Vinafaa kabisa, mama. Visiwe na njumu zilizochongoka tu, mwamuzi atamtoa nje.