Kwa nini tutumie leza kuchunguza mimenyuko ya nyuklia ya nyota?

Muulizaji

Habari zenu, wanajukwaa. Ninafahamu kwamba katikati ya Jua joto hufikia takribani nyuzi milioni 15, na kwamba nishati yake hutokana na viini vya haidrojeni vinavyoungana, hatua kwa hatua, hadi kuwa heliamu. Mimenyuko mingi ya aina hiyo imekwisha kupimwa kwa mitambo inayorusha chembe kwa kasi dhidi ya shabaha. Je, plazma ya leza, yaani gesi ya joto kali inayotengenezwa kwa leza, ambamo elektroni zimeachana na atomu, na ambayo hutoweka kabla hata ya kufumba na kufumbua, inatuambia nini zaidi?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, tofauti kubwa imo katika elektroni. Viini viwili vyenye chaji chanya husukumana, na elektroni zilizo karibu navyo hupunguza msukumano huo, hivyo kuvirahisishia kuungana. Katika shabaha ya kawaida elektroni bado zimefungwa kwenye atomu zake, ilhali ndani ya nyota zinaelea huru. Kwa hiyo kipimo cha maabara hubeba athari ambayo nyota haina, na tunalazimika kuiondoa kwa hesabu kisha kuongeza ile ya plazma, ambayo nayo ni ya kinadharia. Plazma ya leza ina elektroni huru tangu mwanzo. Kwangu mimi hiyo peke yake ni sababu ya kutosha.

Tatizo la pili ni uhaba wa matukio. Maabara ya LUNA, iliyo chini ya mlima wa Gran Sasso nchini Italia ili kukwepa mionzi ya anga, ilipopima muungano wa viini viwili vya heliamu-3 (heliamu nyepesi yenye protoni mbili na neutroni moja) katika nishati ya chini kabisa iliyofikia, ilipata takribani matukio mawili tu kwa mwezi. Katika plazma, viini vingi mno hugongana kwa pamoja ndani ya sehemu ndogo ya bilioni moja ya sekunde, na mionzi ya anga haipati nafasi ya kuvuruga kipimo.

Jibu la pili

Ninakubaliana na mwenzangu, ila tusiichukulie plazma hiyo kama kipande cha Jua. Katika mtambo wa leza wa NIF (National Ignition Facility), California, Marekani, miale 192 ya leza huingia katika silinda ndogo ya metali na kuzalisha eksirei zinazobabua ganda la kidonge cha fueli. Ganda linaporuka nje, fueli husukumwa ndani na kushindiliwa. Joto na msongamano havilingani kila mahali, na vyote hubadilika upesi. Joto hukadiriwa kutokana na upana wa mtawanyiko wa nishati za neutroni zinazotoka, lakini mwendo wa plazma yenyewe pia hupanua mtawanyiko huo. Njia ninayoiamini zaidi ni kuchanganya fueli ili mmenyuko unaojulikana vizuri na ule unaochunguzwa vitokee katika plazma ileile, kisha kulinganisha mazao yake, maana kwa uwiano huo sehemu kubwa ya mashaka kuhusu msongamano na muda hupungua.

Muulizaji

Nashukuru sana. Je, muungano wa protoni mbili nao unaweza kupimwa hivyo?

Jibu la pili

Hapana. Katika mmenyuko huo protoni moja hugeuka kuwa neutroni kupitia nguvu dhaifu ya nyuklia, jambo ambalo ni nadra kiasi kwamba protoni moja ndani ya Jua husubiri, kwa wastani, mabilioni ya miaka. Kasi yake tunaijua kwa nadharia pekee. Leza hufaa kwa hatua zinazofuata, hasa muungano wa heliamu-3 na heliamu-3, ambao tayari umechunguzwa kwa leza ya OMEGA huko Rochester, Marekani.