Mjadala: Kambi za kidato cha nne, zinamsaidia mtoto au zinaisaidia shule?

Chaki Nyeupe:
Wakuu, za jioni. Mtihani wa taifa ni Novemba, na kama ilivyo desturi likizo ya Juni imeshaliwa na kambi: watoto wanalala shuleni kujiandaa na mtihani. Mzazi alete mahindi, maharage, godoro na hela ya walimu. Mtoto anaamshwa saa kumi alfajiri, taa zinazimwa saa tano usiku. Elimu ni bila ada tangu 2016, ila mchango wa kambi unapitishwa kwenye kikao cha wazazi, na nani atanyoosha mkono kukataa mbele ya mwenyekiti wa bodi?

Sina ugomvi na mtoto kusoma sana. Ugomvi wangu ni kile anachofanyishwa. Nimefundisha Baiolojia na kambi nimesimamia. Mwalimu anaandika swali la pepa la zamani ubaoni, anaandika na jibu lake, darasa zima linanakili, haya twende pepa linalofuata. Daftari linajaa mpaka jalada. Siku ya mock, swali lile lile likigeuzwa kidogo tu, hamna kitu.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha kusoma. Waliorudia kukisoma walikuwa na uhakika nacho, na kweli, walipopimwa baada ya dakika 5 walikumbuka asilimia 81, wakawashinda wale walioweka karatasi pembeni na kuandika wanachokumbuka (75). Wiki moja baadaye mambo yakapinduka: waliojipima asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Kambi zetu zinashangilia zile dakika 5.

Kazi ya kweli haina mbwembwe. Daftari limefungwa, mtoto anajibu pepa peke yake, anakosea, anasahihisha, analirudia baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Halafu kuna hazina imekaa bure kwenye tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania: ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, swali kwa swali, zikionyesha walikosea wapi na kwa nini, pamoja na nakala za majibu yenyewe, mazuri na mabovu. Nyie mliosimamia kambi, mlizifungua lini?

Nauliza: kambi zipigwe marufuku?

Mama Wawili:
Mwalimu, nimekusoma vizuri. Binti yangu yuko shule ya kata, anatembea saa moja na nusu kwenda na hiyo hiyo kurudi. Akifika ni maji, kuni, jikoni, mdogo wake analia. Taa ni tochi ya simu yangu, na simu naihitaji. Hiyo "daftari limefungwa" ataifanyia wapi? Kambini analala palepale shuleni, hatumwi na mtu. Futeni kambi muone: mtoto mwenye sola na mwalimu wa tuisheni hatapungukiwa kitu. Wangu ndiye atakayepungukiwa.

Mstaafu wa Halmashauri:
Mnasahau zilikotoka hizi presha. Matokeo ya 2012: zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne walipata ziro, serikali ikayafuta na kuagiza yapangwe upya mwaka 2013. Tangu hapo mkuu wa shule halali. NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora na za mwisho kuanzia matokeo ya 2022, lakini wilayani jedwali bado linabandikwa na mtu anaitwa kujieleza.

Sasa fanyeni hesabu. D inaanzia alama 30. Ukipata D mbili, una divisheni four. Mtoto wa alama 22 ukimkaririsha majibu kwa wiki nne anaweza kugusa 30 kwenye masomo mawili, na ziro moja imefutika kwenye jedwali. Kwa lengo hilo kambi inafanya kazi barabara! Msiseme haina faida, semeni faida ni ya nani.

Dogo wa Kidato cha Tano:
Shikamooni wakubwa. Mimi nimepita kambi mwaka jana. Vipindi vya usiku nilikuwa nasinzia macho wazi. Kilichonisaidia ni sisi wanne, baada ya chakula cha mchana, tunatungiana maswali ya Historia na Kemia, anayeshindwa anatafuta jibu kitabuni mwenyewe, haambiwi. Ila nisiseme uongo, hao watatu nisingewapata nyumbani.

Kobe Mwendo:
Mnamlaumu mtoto kukariri. Miaka saba kasoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza masomo ni kwa Kiingereza, anaambiwa "photosynthesis". Asipokariri afanye nini?

Chaki Nyeupe:
Marahaba mdogo wangu, umenipa jibu kuliko hao watafiti. Kobe, hilo la lugha ni kweli tupu, lakini linahitaji uzi wake.

Mama Wawili, tukubaliane hivi: shule ibaki wazi, taa iwake, anayetoka mbali alale. Kinachofutwa ni kunakili. Asubuhi pepa moja kwa masharti ya mtihani, mchana masahihisho kwa vikundi na ripoti ya NECTA mezani, saa nne usiku watu walale. Mwalimu hahitajiki ubaoni siku nzima, kwa hiyo na posho inapungua.

Mama Wawili:
Hapo kwenye posho ndipo watakapokukatalia. Na umeme wa LUKU, mpishi, matroni wa mabinti, nani analipa?

Mstaafu wa Halmashauri:
Matroni kwanza. Bila matroni mimi nisingeruhusu binti yeyote kulala hapo, hata kwa siku moja.

Mama Wawili:
Kikao chetu ni Jumamosi saa nne. Nitalisimamia la matroni na la kulala mapema. La mapepa, mwalimu, uje useme mwenyewe, maana mwalimu wetu wa taaluma swali lake ni moja tu: yatamalizwa mangapi?