Boma la madarasa limekwama kwenye lenta, hela ya serikali inapitia wapi?

Mkulima_Tumbaku
Wakuu habari za saa hizi. Niko kijijini huku mkoa wa Tabora, kitongoji chetu kiko mbali na shule ya msingi na katikati kuna mto, mvua zikikolea watoto wa la kwanza na la pili hawavuki, wanakaa nyumbani mpaka maji yapungue. Wananchi tukachangishana kaya kwa kaya, mwenye hela katoa hela, mwenye tofali za kuchoma katoa tofali, wengine nguvu kazi, tukasimamisha boma la vyumba viwili mpaka kwenye lenta. Hapo ndo tumekwama, miaka inakatika. Ukiuliza unaambiwa bajeti haijafika, mara subirini mwaka wa fedha ujao. Tofali za juu zimeanza kulika na mvua na mbuzi wanalala ndani. Naombeni ukweli, sisi tushike wapi? Maana sasa hivi ukitaja mchango watu wanakuangalia vibaya.

Mipango_Mstaafu
Pole sana mkuu. Nimekaa ofisi ya mipango kwenye halmashauri miaka mingi na hili nimeliona sana, boma linaweza kusimama kabisa lakini kama halimo kwenye mpango wa kijiji basi kule juu hakuna anayelijua. Je mna muhtasari wa MKUTANO MKUU WA KIJIJI uliopitisha huo mradi? Siyo kikao cha kitongoji. Mkutano mkuu, wenye mahudhurio na saini za watu na mhuri wa mtendaji wa kijiji. Huo ndo unaenda kamati ya maendeleo ya kata, kata wakipitisha unaenda halmashauri, baraza la madiwani, mkoa, TAMISEMI, mwisho Bunge.

Na muangalie kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, basi watu wanadhani mwezi wa tano bado mapema, wanakuja na barua wakati makabrasha yapo Dodoma tayari. Madiwani wanakaa kwenye bajeti Januari na Februari, kwa hiyo kipaumbele chenu kiwe kimefika kata Oktoba, Novemba ndo mwisho. Ukichelewa hapo umeukosa mwaka mzima, na sidhani kama kuna mtu atakuambia hivyo ukifika ofisini.

Mwl_wa_Shamba
Naongezea upande wa shule. Hilo jengo kwa sasa siyo shule, liombeeni liwe shikizi, yaani kituo cha madarasa ya watoto wadogo kilicho chini ya shule mama, hiyo ya ng'ambo ya mto. Fedha za ujenzi siku hizi zinaingizwa kwenye akaunti ya shule, na nyie bila usajili akaunti hamna, kwa hiyo mwalimu mkuu wa shule mama lazima awe na nyie tangu mwanzo, kama hajashirikishwa nendeni mkamuone kesho. Shikizi inatambulika kabisa, zile fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 zilijenga vyumba 3,000 kwenye vituo shikizi, milioni 20 kila chumba.

Usajili kamili utakuja baadaye na mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, atakuja kukagua, ndo maana nawashauri msijenge madarasa tu mkasahau choo. Tundu moja kwa wasichana 20, kwa wavulana 25. Jengo zuri bila choo watoto hawaingii.

Kamati_Ujenzi
Sisi yalitukuta hayo hayo. Kabla ya kuongeza hata tofali moja mwiteni mhandisi wa halmashauri alione boma, ramani ya darasa ya TAMISEMI anayo. Kwetu alivyokuja akakuta madirisha madogo na ukuta mmoja una ufa, tukabomoa upande ule kwa mikono yetu wenyewe na watu walilia, lakini baada ya hapo ndo tukaingizwa kwenye orodha ya maboma ya kukamilisha, tukapata milioni 12.5 kwa chumba. Ilikuja kwa mtindo wa fosi akaunti, yaani hakuna mkandarasi, mafundi wa hapa hapa, na kamati zetu wenyewe: ujenzi, manunuzi, mapokezi. Kamati ya mapokezi wekeni watu wasioogopa kuhesabu. Mfuko wa simenti ukishuka kwenye gari unahesabiwa papo hapo, bati mnaangalia geji (unene wake) siyo rangi, halafu hesabu yote inabandikwa ubaoni pale ofisi ya kijiji. Hiyo ndo ilirudisha imani ya watu kuchanga tena.

Mkisubiri bajeti, andikeni pia barua ya kuomba mfuko wa jimbo, ile hela ya maendeleo inayopitia kwa mbunge, hata bati tu. Na leo leo funikeni kuta kwa juu, nailoni au majani, mvua zikipiga tena mhandisi atakataa boma lote.

Mkulima_Tumbaku
Nashukuru sana wakuu, kumbe muhtasari tulionao ni wa kitongoji tu. Tutamwomba mwenyekiti aitishe mkutano mkuu. Swali moja la mwisho, eneo alitupa mzee mmoja kwa mdomo mbele ya watu, ameshatangulia mbele za haki. Hii itasumbua?

Mipango_Mstaafu
Itasumbua, tena sana, eneo lenye mgogoro haliletewi hela. Kaeni na familia mapema, kwa heshima, wakiridhia iandikwe hati ya kutoa eneo, wanafamilia wote wazima wasaini mbele ya serikali ya kijiji na majirani wa mipaka, halafu lisomwe kwenye mkutano mkuu huo huo na liingie kwenye muhtasari. Nakala moja ibaki kwa familia.