Picha ya makadinali juu ya kochi: niagize au niache?

Mkwe wa Kihaya:

Wakuu habari za leo. Nina jambo la sebuleni, naomba mawazo kabla sijatoa hela.

Tumehamia kwetu Kigamboni na ukuta wa juu ya kochi uko mtupu. Maua ya plastiki sitaki. Nimezipenda picha za Kifaransa za karne ya 19, zile za kuwadhihaki wakubwa, hasa za Jehan Georges Vibert (1840–1902). Huyu bwana kawachora makadinali kwa ufundi wa kutisha: majoho mekundu yanawaka, mazulia unatamani kuyagusa, halafu ukisogea unakuta mtukufu kavaa aproni, yuko jikoni na mpishi wake, wanaonja mchuzi. Kuna wachoraji mtandaoni wanakuchorea nakala kwa mkono, rangi za mafuta kwenye turubai, wanakutumia ikiwa imeviringishwa ndani ya bomba.

Tatizo: mama mkwe ni WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) damu damu, na zamu ikifika jumuiya inasali sebuleni kwetu. Mimi mwenyewe Mkatoliki, sina ugomvi na Kanisa, picha tu zinanichekesha. Mume anasema nichukue za Honoré Daumier, maana yeye aliwatania wafalme na mawakili. Halafu hivi, nakala ya mkono ina faida gani kuliko kuchapisha tu? Karibuni.

Kitale:

Dada, watu wako kwenye "Salamu Maria", juu yao kadinali analamba mchuzi? Weka twiga yaishe.

Mzamiaji Halali:

Nipo Marseille, mji aliozaliwa Daumier mwaka 1808, kwa hiyo mniruhusu nijidai kidogo.

Shemeji ana hoja ila atakuingiza hasara. Dhihaka za Daumier karibu zote ni litografia: anachora kwenye jiwe, jiwe linapigwa chapa, picha inatoka gazetini kwa wino mweusi. Alitengeneza za namna hiyo karibu 4,000. Ile iliyomponza, *Gargantua* ya 1831, inamwonyesha Mfalme Louis-Philippe kakaa kwenye kiti huku kodi za mafukara zinapandishwa kwenye ubao mrefu hadi mdomoni mwake. Alikula kifungo cha miezi sita. Mwaka 1835 serikali ikabana kabisa katuni za siasa, akahamia kwa mawakili na mahakimu, na hapo ndipo alipokuwa mkali zaidi kwa maoni yangu.

Sasa mtu anayekuuzia *Gargantua* ya rangi za mafuta anakuuzia kitu ambacho Daumier hakukichora hivyo. Ukimtaka Daumier wa dhihaka, tafuta ukurasa halisi wa gazeti la *Le Charivari*. Zilichapwa nyingi, wauza karatasi za zamani huku bado wanazo, na nyuma unakuta maandishi ya gazeti la siku ile. Hiyo si nakala, ni yenyewe. Itie kwenye fremu yenye kioo, mbali na jua.

Alichora pia kwa rangi za mafuta, mfano ile ya abiria wa behewa la daraja la tatu, bibi na kikapu chake, mama ananyonyesha. Nzuri sana, lakini hapo hamdhihaki mtu.

Omwana wa Bukoba:

Mkwe wetu, nikuambie kitu cha kwetu. Bukoba ukimwonyesha mama joho jekundu anamwona Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kadinali, 1960. Hataona Ufaransa ya akina Vibert, ambako serikali na Kanisa walikuwa wakivutana kuhusu shule hadi wakatenganishwa kisheria mwaka 1905. Ataona mkwe kamchora Rugambwa na sufuria. Utakaa unaeleza historia ya Ulaya mpaka chai ipoe.

Ila Vibert anayo moja itakayopita. Iko jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, ya miaka ya 1880: mmisionari amerudi, anawasimulia wakubwa mateso aliyoyapata huko alikokwenda. Wenyewe wamejilaza kwenye viti vya fahari, wengine wana mazungumzo yao, mmoja anacheza na kijibwa. Mama mkwe atamwonea huruma mmisionari, na Vibert alitaka hivyohivyo. Hata paroko akija atajifanya haimhusu.

Mkwe wa Kihaya:

Nimeitafuta sasa hivi. Yule wa kijibwa! Hapa mmenipata. Ya mkono au ya kuchapa?

Brashi Kavu:

Mimi ni mchoraji, nina upande wangu.

Ya Vibert inafaa mkono, kwa sababu utamu wake uko kwenye hariri na ngozi za nyuso, na chapa inavifanya vyote bapa. Lakini kagua. Wapo wanaochapa kwenye turubai kisha wanapaka jeli isiyo na rangi juu ili brashi ionekane. Omba picha iliyopigwa kwa ubavu, mwanga ukitokea upande mmoja. Kisha omba ya karibu: nyuso na vidole. Mchoraji wa haraka utamjua kwenye vidole. Ukiona vidoti vidogo vya wino, hiyo ni mashine.

Vipimo: ya asili ni kama sentimita 99 kwa 135. Agiza 74 kwa 100. Ukisema 60 kwa 90 watakata juu na chini, au wataivuta wakubwa wazidi kunenepa. Jumba lile la New York limeweka picha nyingi za kazi ilizonazo huru mtandaoni tangu 2017, unapakua bure. Mpe mchoraji faili hilo, asijitafutie lake lenye wekundu wa nyanya.

Ikifika, mpe fundi wa fremu aivute kwenye mbao zilizotibiwa mchwa. Kioo usiweke. Kigamboni kuna unyevu na chumvi, bandika vipande vya kizibo nyuma ili hewa ipite kati ya turubai na ukuta, la sivyo ukungu. Vanishi ya mwisho subiri miezi sita au zaidi, rangi ya mafuta hukauka taratibu. Na ukipita maduka ya vifaa vya uchoraji Ulaya utakuta hadi leo vanishi ya kurekebishia yenye jina la Vibert. Jamaa alikuwa mtundu wa kemia ya rangi.

Kitale:

Vijana wa Tingatinga wapo Oysterbay, hela inabaki nyumbani.

Brashi Kavu:

Wapo na wana kazi nzuri, lakini wanatumia rangi ya kung'aa ya kupaka milango. Kadinali wa hivyo atakuwa wao, si wa Vibert. Mimi ningemnunua huyo pia.

Mkwe wa Kihaya:

Basi naagiza mmisionari, 74 kwa 100. Ile ya mchuzi nachapisha ndogo, inakaa jikoni ambako jumuiya haifiki.

Omwana wa Bukoba:

Na mama mkwe akija Dar, unadhani anashinda wapi? Sebuleni?